ThinkPad P52 kwa mpima ardhi wa Dodoma: nguvu, vumbi na chaja

Nikiweka kompyuta yangu mezani kwenye kikao cha wapima, hakosekani mtu wa kuinyanyua, kushangaa uzito wake, kisha kuniuliza kwa nini nisitafute kitu chembamba kama wenzangu. Nimezoea kulijibu swali hilo kwa haraka haraka. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa ajili ya yeyote wa hapa Dodoma, Manyoni au Singida anayefikiria kununua mashine ya namna hii kwa kazi nzito. Ninaipenda, ningeinunua tena, na karibu kila tabu niliyoipata nayo imetoka nje ya mashine yenyewe: kwenye umeme, kwenye vumbi, na kwa mafundi wanaofungua skrubu kabla ya kupima.

Ni Lenovo ThinkPad P52, familia iliyotoka mwaka 2018. Niliinunua ikiwa imeshatumika ofisini huko ng'ambo. Prosesa yake ni Intel Core i7-8850H yenye viini sita, kadi ya grafiki ni NVIDIA Quadro P3200 yenye kumbukumbu yake ya GB 6, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 64, na ndani mna diski mbili za kasi za aina ya NVMe. Uzito wa P52 unaanzia kilo 2.45, na chaja yake ya wati 230 ni mzigo mwingine unaojitegemea. Nililipa milioni mbili na laki kadhaa. Kwa pesa hiyo hiyo ungepata dukani kompyuta mpakato mpya, nyepesi, yenye RAM ya GB 8. Mdogo wangu anasomea chuo na ya aina hiyo na inamtosha kabisa. Kazi zangu haiziwezi.

Mimi ni mpima ardhi. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, shughuli za viwanja hapa hazijapoa. Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, kote kuna vitalu vya kupimwa, mipaka ya kuhakikiwa, na mashamba ya jana ambayo leo yanapita barabara. Zamani kazi hiyo tuliifanya kwa kutembea na mashine ya kupimia begani kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, hadi bikoni. Siku hizi, ukiwa na vibali vyako mkononi, unarusha droni asubuhi kabla upepo haujaamka, na saa nne umesharudi na picha elfu moja na mia nane, kila moja ya megapikseli 20.

Hapo ndipo kompyuta inapoanza kutoa jasho. Programu ninayotumia, Agisoft Metashape, inatafuta kwenye kila picha maelfu ya nukta zinazojirudia kwenye picha za jirani, inakokotoa droni ilikuwa wapi ilipopiga kila picha, inajenga wingu la nukta, kisha umbo la ardhi, na mwisho inashona picha zote kuwa picha-ramani moja inayopimika. Mtu wa mipango miji anaichukua hiyo na kuchora viwanja juu yake. Kosa la sentimita kadhaa hapo linakuja kuwa ugomvi wa majirani wawili na ukuta ulioshajengwa.

Katika kazi hii RAM ndiyo inayoamua. Ikijaa, Windows inaanza kukopa nafasi kwenye diski, na kazi iliyopaswa kuisha alfajiri inakaa hadi kesho yake jioni, au inakatika ikiwa imebakiza kidogo. P52 ina nafasi nne za RAM na inapokea hadi GB 128. Mashine nyingi nyembamba za leo RAM yake imechomelewa kwenye ubao mkuu (mazabodi), uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Mimi nilianza na GB 32, nikafanya kazi, nikalipwa, nikaongeza. Kwa mtu anayejikuza mwenyewe bila mkopo, uwezo huo wa kuongeza kidogo kidogo una thamani kuliko wembamba.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo watu wa mikoa mingine hawakutani nalo sana. Dodoma mjini tuko magharibi kidogo ya nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo tuko kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa koordineti unaoigawa dunia kwa kanda. Ukienda Kongwa au Mpwapwa umeshaingia kanda ya 37. Ukipata mradi unaokaa pande zote mbili, huku ramani za zamani ziko kwenye msingi wa vipimo wa Arc 1960 na vipimo vya droni viko kwenye ule wa WGS 84, utahitaji kufungua QGIS ya ramani, Metashape na AutoCAD ya michoro kwa pamoja na kurukaruka kati yake siku nzima. P52 inafanya hivyo bila kuganda, na kwangu hilo tu lingetosha kuhalalisha bei.

Mwili wake umebuniwa na mtu anayejua kazi. Chini na juu ya padi ya kugusa kuna vitufe vitatu vitatu, si viwili viwili. Kile cha katikati ndicho kinachosogeza mchoro kwenye AutoCAD, kwa hiyo nikiwa kwenye gari bila kipanya bado ninaweza kuchora. Kibodi ina sehemu ya namba upande wa kulia, neema kubwa kwa mtu anayeingiza koordineti. Kadi ya kumbukumbu ya droni, ikiwa kwenye adapta yake, inaingia moja kwa moja ubavuni bila waya wa ziada. Kuna tundu la kebo ya mtandao, HDMI, na matundu mawili ya kasi ya Thunderbolt 3 kwa ajili ya diski za nje.

Kabla sijafika kwenye matatizo, neno moja kwa wanaonunua mashine ya kadi mbili za grafiki halafu wakalalamika kwamba ni ya polepole kama nyingine yoyote. Ndani mna kadi ndogo ya Intel iliyomo kwenye prosesa, na ile Quadro. Windows, ili kuokoa betri, mara nyingi inaipa programu kadi ile ndogo. Fungua mipangilio ya NVIDIA, utaje QGIS na AutoCAD zitumie Quadro, kisha kwenye Metashape ingia sehemu ya GPU, yaani kadi ya grafiki, na uweke alama kwenye Quadro. Nimeshakuta ofisi yenye mashine kali kuliko yangu ikifanya kazi usiku kucha kwa kadi ndogo, na kile walichokilipia kimelala.

Sasa joto. Prosesa hii imepangiwa wati 45, Quadro P3200 inakula takribani 75, na zote zinapozwa na feni mbili na mirija ya shaba iliyolala ndani ya boksi lenye unene wa vidole viwili. Hiyo ni hali ya mashine zote za daraja hili, ya kampuni yoyote. Ongeza hapo mazingira yetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa pungufu. Juu ya hapo kuna vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, upepo unabeba vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo, linaloingia hata kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Linakaa kwenye mapezi ya shaba, linachanganyika na nyuzi za nguo, na baada ya kiangazi kimoja linakuwa kitambaa kinachoziba njia ya hewa.

Dalili zake si ngumu kuzitambua ukiwa na programu ya kupimia. Mimi natumia HWiNFO, ya bure. Kiangazi kilichopita, kazi ikiwa imepamba moto, prosesa ilikuwa ikigusa nyuzi 97 na 98. Kikomo chake ni 100, na ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Feni zinapiga kelele kama kawaida, ila hewa inayotoka ubavuni ni kidogo na ya moto sana. Ukiona kelele nyingi na hewa kidogo, njia imeziba.

Kusafisha kunafaa kufanywa na mtu mtulivu. Kwenye BIOS ya ThinkPad, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, kuna sehemu ya kuizima betri ya ndani kabla ya kufungua mfuniko. Nimeona mafundi wengi hawaijui, nao wanafungua mashine ikiwa na umeme ndani. Baada ya hapo skrubu za chini, mfuniko, na feni ziko mbele yako. Anayetumia blowa ashike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana yakizungushwa kwa nguvu ya upepo yanaharibu beringi. Blowa peke yake haitoshi kwa vumbi letu, kwa sababu kile kitambaa kinabaki kimekumbatia mapezi. Inabidi feni zitolewe na uchafu uvutwe kwa kibano. Ukifika hapo, toa na ile pesti iliyokauka juu ya prosesa na ya kadi ya grafiki, futa kwa alkoholi safi ya aisopropili, weka mpya kidogo. Pedi laini zilizoko kwenye kumbukumbu za kadi usizibadilishe kwa za unene mwingine, kwa sababu ikiwa nene kupita kiasi inainua bamba zima la shaba na prosesa haigusani nalo sawasawa. Baada ya kusafishwa hivyo, mashine yangu inafanya kazi ile ile ikiwa kwenye nyuzi themanini na ushee. Nimepanga isafishwe mara mbili kwa mwaka, katikati ya kiangazi na mvua zinapoanza.

Oktoba na Novemba, chumba kikiwa na joto hata usiku, nina njia nyingine. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kasi ya juu ya prosesa iliyoandikwa asilimia 100 naishusha iwe 99. Hapo prosesa inaacha kujisukuma hadi gigahezi 4 na kitu, inabaki kwenye kasi yake ya msingi ya 2.6. Kazi inachelewa kidogo, joto linashuka sana, na kwa kazi inayoachwa ijiendeshe usiku mzima mimi nachagua utulivu.

Tatizo lililonisumbua kuliko yote lilianza Januari, usiku wa radi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Asubuhi chaja halisi iliyokuja na mashine ilikuwa imekufa. Nikatafuta nyingine mjini, nikapata dukani iliyoandikwa wati 230, volti 20, ampea 11.5, kama ile ya kwanza, na muuzaji akanihakikishia kuwa ni yenyewe. Taa ikawaka, betri ikaanza kujaa, nikashukuru Mungu.

Ndani ya siku hiyo hiyo mashine ikabadilika. Mshale wa kipanya ukawa unasita. Faili la AutoCAD lililokuwa likifunguka kwa kufumba na kufumbua likawa linachukua dakika. Metashape ikakadiria kazi ya usiku mmoja kuwa ya siku nne. Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema ni Windows, akataka kufuta kila kitu na kuweka upya. Nilikataa kwa sababu nilikuwa na leseni na kazi za watu ndani. Wa pili hakuiwasha hata dakika mbili. Aligusa chini, akatikisa kichwa.

"Dada, mazabodi hii imechoka. Tukiagiza nyingine ni kama laki tisa hivi."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema uzoefu.

Nilirudi nyumbani, nikafungua HWiNFO. Viini vyote sita vilikuwa vimeganda kwenye gigahezi 0.79. Joto lilikuwa nyuzi 52 tu. Kwenye sehemu inayoonyesha sababu ya prosesa kupunguza kasi, mstari wa PROCHOT ulikuwa umeandika ndiyo. Hapa nataka nieleze vizuri, kwa sababu mtu akielewa hili anaweza kuokoa mashine yake. PROCHOT ni waya wa tahadhari wa prosesa. Prosesa ikipata moto, inautumia kutangaza kwamba imefika kikomo. Lakini waya huo unasikiliza pande zote mbili: ubao nao unaweza kuuvuta ili kuiamuru prosesa itulie, hata kama prosesa ni ya baridi. Ubao unafanya hivyo ukihisi chaja haitoshi, au betri ina hitilafu, au kihisi fulani kimeharibika. Kwa hiyo joto la 52 pamoja na PROCHOT iliyowaka maana yake ni kwamba amri imetoka nje ya prosesa. Kufuta Windows kusingesaidia chochote.

Nikiwa na picha ya skrini hiyo kwenye simu, nilimwendea kijana mmoja mwenye meza ndogo mjini kati, anayetengeneza zaidi simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Dada, hii tusiifungue kwanza. Umeshajaribu kuichomoa chaja?"

Tukaichomoa. Kasi ikapanda ndani ya sekunde chache, kutoka 0.79 hadi juu ya gigahezi 2, ikiwa kwenye betri peke yake bila chaja. Tukaichomeka, ikaanguka tena. Tukarudia, ikafanya vile vile. Hakufungua skrubu hata moja.

Kilichofuata kilikuwa uthibitisho tu. Chaja za mstatili za ThinkPad zina pini katikati ya kichwa. Nyuma ya pini hiyo kuna rezista, na thamani yake ndiyo inayoiambia mashine kwamba chaja iliyochomekwa ni ya wati 90, au 170, au 230. Yule kijana alichukua multimita, akapima kwenye ile chaja niliyouziwa, kisha kwenye ya mwenzangu wa ofisi ya jirani ambaye ana mashine ya familia hiyo hiyo. Namba zilipishana kabisa. Lebo iliandikwa 230, pini ilikuwa inasema kitu kidogo sana, na mashine iliamini pini. Kwa busara yake ikaamua kujibana ili isiiunguze chaja dhaifu. Tulipochomeka chaja ya mwenzangu, viini vyote sita vikasimama juu ya gigahezi 3 na kubaki hapo kwa nusu saa nzima ya majaribio.

Chaja halisi niliipata Dar es Salaam kwa mtu anayeuza vifaa vilivyotolewa kwenye mashine za ofisi, rafiki yangu akaja nayo kwenye treni ya SGR jioni ile ile. Iliyotumika, imechubuka, nzito mkononi. Inafanya kazi mpaka leo. Duka lililoniuzia ile nyingine halikukubali kurudisha pesa. Ila nasema wazi kuhusu yule kijana: alitaka elfu kumi, nikampa thelathini, na kila mtu wa ofisi zetu anayenisikiliza nimemwelekeza kwake. Ufundi wa kompyuta katika mji huu unahitaji watu wenye subira kama ile, na wanapaswa kulipwa kwa kujua, hata siku ambayo hawakugusa bisibisi.

Baada ya hapo nilibadilisha jinsi ninavyoilisha umeme. Watu wengi wananunua stabilaiza kwa ajili ya umeme mdogo, lakini chaja ya aina hii inakubali kuanzia volti 100 hadi 240, umeme ukififia inaendelea. Inachoogopa ni ule mshindo wa kurudi. Kwa hiyo ninatumia kile kifaa cha kulindia friji, kinachokata umeme ukipanda au ukishuka sana na kusubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Mashine ina betri yake, haijali kusubiri. Diski ya nje yenye chaja yake ndiyo niliyoiwekea UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, maana ikizimika katikati ya kuandika, mradi mzima unaweza kupotea.

Porini ni hesabu nyingine. Soketi ya kiberiti ya gari mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10 au 15. Kwa volti 12 hiyo ni wati 120 hadi 180, na P52 ikiwa imechacha inataka zaidi. Madereva wangu wawili wameshabadilisha fyuzi kwa ajili yangu kabla sijanunua inveta ya wati 500 inayofungwa kwa klipu moja kwa moja kwenye betri ya gari, injini ikiwa inanguruma. Bahi, kwenye mashamba ya mpunga, tulifanya hivyo chini ya mti ili tuone kama picha zimeshikana kabla hatujaondoka. Tuligundua ukanda mmoja haujapigwa, tukarusha tena saa hiyo hiyo. Kurudi kesho yake kungekuwa mafuta, posho na siku nzima.

Betri yake ni ya watihaozi 90, namba kubwa kwa karatasi. Kwa kuandika ripoti inakwenda masaa ya kutosha. Kwa Metashape haifiki hata saa, na hesabu inajieleza: mashine inayotafuna zaidi ya wati 120 itamaliza 90 kabla dakika hazijafika 60. Ninaitumia kama ngao ya kukatika umeme tu, ndiyo maana kwenye programu ya Lenovo Vantage nimeweka kikomo isijae kupita asilimia 80. Betri inayokaa imejaa pomoni kwenye joto, siku baada ya siku, inachoka mapema.

Kioo ndicho ningekibadilisha kama ningeweza. Yangu ni ile ya 1920 kwa 1080 yenye mwanga wa niti 300, na jua la saa saba hapa Dodoma linaifuta kabisa. Ndani ya gari ninaweka kanga dirishani. Kuna toleo la 4K lenye mwanga zaidi, ukilikuta kwa bei ya kueleweka lichukue. Uzito nimeshauzoea, ila kwenye bodaboda na njia za Chamwino natumia begi la mgongoni lenye mkanda wa kifua, na diski ya picha naiweka begi lingine.

Anayekwenda kununua na ayatazame mambo haya, na kwa mpangilio huu. Washa mashine, bonyeza F1 uingie BIOS. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, rudisha mashine hapo hapo, kwa sababu nenosiri la msimamizi kwenye ThinkPad haliondoki kwa kutoa betri ndogo ya ubao kama watu wanavyodanganyana. Halafu fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, usome betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa inashika kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, punguza bei. Angalia prosesa ni ya kizazi cha nane cha Intel au baada ya hapo, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine za kabla ya kizazi hicho, isipokuwa chache sana, hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Ukishainunua, sasisha BIOS na programu ya ndani ya Thunderbolt. Baadhi ya ThinkPad za 2017 hadi 2019 zilitolewa sasisho maalumu kwa ajili ya tundu hilo, na dakika kumi za intaneti zinaliondoa suala lote.

Kisha muombe muuzaji ukae nusu saa. Weka HWiNFO, ipe mashine kazi nzito, ikiwa imechomekwa kwenye chaja ile ile utakayoondoka nayo. Kasi ikibaki juu na joto likawa chini ya 95, toa pesa. Kasi ikianguka, chomoa chaja uone kama itapanda. Muuzaji asiyekupa hiyo nusu saa, mwachie mashine yake. Nyingine utaipata.